Kisomo na Jaribio la Ufundi: Nani Amfuate Nani?

Mchoro unaposema zege liwe 1:2:4, fundi mwashi ana hesabu ya kufanya kabla hajashika koleo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unataka lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Kwa debe la lita 20, hayo ni madebe matatu na nusu ya mchanga na madebe saba ya kokoto. Bado kuna maandishi ya mfuko wenyewe: 32.5 au 42.5, namba inayoonyesha nguvu ambayo saruji hiyo inatakiwa kufikia baada ya siku 28. Asiyeisoma anaweza kumwagia nguzo za ghorofa saruji iliyonunuliwa kwa ajili ya lipu. Mafundi wengi wa mitaani wanaifanya kazi hii kwa makarai na kwa jicho, na nyumba walizojenga zimesimama miaka na miaka. Lakini siku wanapoitwa kwenye mradi mkubwa, wenye mhandisi mshauri na karatasi za vipimo, jicho peke yake halitoshi tena.

Sasa itafute hesabu hiyo katika elimu yetu. Darasa la kisomo linafundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na mwanakisomo hupandishwa hatua akiyaweza hayo kwenye daftari. Jaribio la ufundi linamtaka mtahiniwa achanganye zege, alimwage, alisawazishe. La kwanza halijui zege. La pili halitamki hesabu, ingawa linaitegemea. Mtu mzima mwenye mikono hodari na kalamu nzito anaangukia katikati, na hakuna mwalimu wala mtahini anayeweza kumwambia kwa uhakika amepungukiwa na nini.

Kuoanisha vigezo vya elimu ya msingi ya watu wazima na upimaji wa ujuzi wa kazini kunasikika kama shughuli ya maofisini, ya watu wa mitaala na majedwali. Kwa fundi huyu ni suala la ujira wake. Hoja yangu ni kwamba Tanzania ina karibu kila kipande kinachohitajika ili kulimaliza, na kwamba vipande hivyo havijaungana kwa sababu tumekuwa tukiuliza kipi kikifuate kingine, kisomo kiufuate mtihani wa kazi au mtihani ukifuate kisomo. Vyote viwili vinapaswa kuifuata kazi yenyewe, kama inavyofanyika, na maandishi na namba zilizomo ndani yake.

Nchi hii si mgeni wa jambo hili. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965 chini ya UNESCO ulitoa wazo kwamba kusoma kufundishwe pamoja na kazi inayomlisha mtu, na nchi kadhaa zikachaguliwa kulijaribu. Kwetu mradi ulianza mwaka 1968 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Vilikuwepo pia vya migomba na vya ng'ombe. Ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Usiku wa 31 Desemba 1969, katika hotuba ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye njia ya Mwanza ikasambazwa nchi nzima.

Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni namna walivyopima. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kitaifa wenye hatua nne. Hatua ya tatu ilikuwa ya mtu anayeweza kusoma na kuandika sentensi rahisi na kufanya hesabu nyepesi. Hatua ya nne ilidai zaidi: mtu asome gazeti na vitabu vya maelekezo, atunze kumbukumbu, aandike mapato na matumizi yake. Hatua ya nne haikutajwa kwa darasa la shule. Haikusema huyu ni sawa na mtoto wa darasa la tano. Ilisema huyu anaweza kufanya jambo hili na lile. Kwa maoni yangu hicho ndicho kigezo bora cha elimu ya watu wazima tulichowahi kukiandika, na mtaalamu yeyote wa leo wa upimaji wa ujuzi angekitambua mara moja kuwa ni cha ukoo wake.

Kwa nini basi hakikudumu? Sehemu ya jibu ni ushindi wenyewe. Mwaka 1967 watu wazima wawili hivi kati ya kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 waliobaki walikuwa asilimia 39, mwaka 1977 asilimia 27, na kufikia 1986 chini ya asilimia 10. Namba hizo zilipendeza, na nchi ilikuwa na haki ya kujivunia. Lakini jambo linalohesabiwa ndilo linalofukuziwa, na kilichohesabiwa kilikuwa kuvuka mstari wa kujua na kutojua. Hatua ya nne, iliyokuwa na manufaa ya kazi ndani yake, ikabaki kama nyongeza. Hali ya uchumi ya miaka ya 1980 ikakausha magazeti ya vijijini na maktaba zilizokusudiwa kumshikilia aliyekwisha kufuzu. Kazi nazo zikabadilika. Kitabu cha pamba hakikumfuata kijana aliyeondoka Magu kwenda kuwa saidia fundi Buguruni.

Upande wa pili, ufundi ulikua na mizani yake. Kwa miaka mingi majaribio ya ufundi yalitolewa kwa gredi, ya tatu, ya pili na ya kwanza, na mafundi wa rika fulani hadi leo hujitambulisha kwa gredi zao. Sheria ya mwaka 1994 iliunda mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na baadaye gredi zikaipisha ngazi za tuzo za ufundi stadi zinazojengwa juu ya umahiri: mtu hupimwa kwa anachoweza kukitenda. Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote katika sekta hii kwa miaka ya karibuni, nalo ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia gereji, jikoni au kwenye kiunzi cha ujenzi anajiandikisha, anahojiwa, anatazamwa akifanya kazi, anapewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo, kisha anatunukiwa cheti. Serikali, kupitia ofisi inayoshughulikia kazi na ajira, imegharamia maelfu ya mafundi kupitia njia hiyo. Waashi, maseremala, mafundi magari, mafundi bomba, wapishi na wahudumu wa hoteli wamepata karatasi inayosema kile ambacho majirani zao walikijua siku nyingi.

Katika kipengele hicho cha kuziba mapengo ndipo mlango ulipo. Pengo la ufundi lina jina: huyu hajui kupima pembe, huyu hafuati usalama wa umeme. Pengo la kusoma na kuhesabu mara nyingi halina jina. Fundi asiyeweza kufuata jedwali la nondo kwenye mchoro, lenye kipenyo cha milimita 12 na nafasi ya milimita 150 kati ya ringi na ringi, anaweza kuandikiwa kwamba bado hajamudu kusuka nondo, wakati mikono yake inasuka vizuri kuliko ya mtahini. Kilichomshinda ni jedwali. Wiki nne za kusoma majedwali ya aina hiyo zingemfaa kuliko mwaka mzima wa kurudia kazi anayoijua. Lakini ili apelekwe huko, lazima jaribio liweze kutenganisha mkono na jedwali, na lazima pawe na darasa linalofundisha jedwali.

Madarasa hayo yangepaswa kuwa ya elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Makerere na kupewa sheria yake mwaka 1975, ina walimu, ina mitaala, na kwa vijana walio nje ya shule ina mpango wa IPOSA unaounganisha kusoma na kuhesabu, stadi za maisha, ujasiriamali na ufundi wa awali. Ni mfano mzuri, na unaonyesha kwamba muungano huu si ndoto. Tatizo ni kwamba madarasa ya kisomo ya kawaida yako mikononi mwa halmashauri, ufundi stadi uko VETA, na fedha za urasimishaji zinapitia ofisi nyingine. Kila mmoja anahesabu watu wake. Hakuna anayehesabu wale waliovuka kutoka darasa moja kwenda jingine, kwa hiyo hakuna anayeulizwa kwa nini hawavuki.

Hata namna tunavyojua nani anasoma inatupotosha. Sensa huuliza kama mtu anaweza kusoma na kuandika sentensi fupi kwa lugha fulani, na jibu la mkuu wa kaya linatosha. Swali hilo lina kazi yake, ila halimwambii chochote anayepanga mafunzo. Kenya walifanya jambo la maana mwaka 2006 walipowapima watu wazima kwa maswali halisi badala ya kuwauliza tu. Asilimia 61.5 walionekana kufikia kiwango cha chini cha kusoma, lakini waliofikia kiwango kilichotakiwa, cha kuweza kuendelea kujifunza wenyewe, walikuwa asilimia 29.6. Zaidi ya nusu ya waliohesabiwa kuwa wanasoma hawakuwa wamefika mahali ambapo kusoma kunaanza kumsaidia mtu kazini. Sioni sababu ya kuamini kwamba upande wetu wa mpaka, tukipima hivyo, tutakuta tofauti kubwa.

Waajiri wameitatua shida hii kwa njia yao, na ni njia mbaya. Tangazo la kazi ya ulinzi, ya usafi wa vyumba vya hoteli au ya ghala linadai cheti cha kidato cha nne. Mwajiri anachokitaka hasa ni mtu atakayeandika kitabu cha matukio kikaeleweka zamu inayofuata, au atakayelinganisha hati ya mzigo na mzigo wenyewe. Cheti cha kidato cha nne hakipimi hayo. Kinapima baiolojia, historia na jiografia ya miaka kumi na mitano iliyopita. Kinamfungia nje mama aliyeacha shule darasa la saba na ambaye anatunza daftari la VICOBA ya kikundi chake bila senti kupotea, na kinamwingiza kijana mwenye cheti ambaye hajawahi kuandika taarifa yoyote.

Marekani suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Katika kituo cha umeme cha kampuni ya Duke Power huko North Carolina, idara zote isipokuwa ya vibarua zilidai cheti cha sekondari, na mwaka 1965 yakaongezwa majaribio mawili ya jumla ya akili na ya ufundi. Wafanyakazi weusi walikuwa wamewekwa kwenye idara hiyo ya vibarua, na sharti hilo likawabakiza pale pale, ilhali wazungu walioajiriwa kabla ya sharti waliendelea na kazi zao vizuri bila cheti. Machi 1971, katika kesi ya Griggs, majaji wote walioisikiliza waliamua kwamba kipimo kinachowazuia watu lazima kiwe na uhusiano na kazi yenyewe. Huo ni msingi wa haki, na sisi tungeuandika kwenye miongozo yetu ya ajira bila kusubiri kesi.

Kutoka nchi hiyo hiyo kuna mambo mawili mengine ya kujifunza. La kwanza ni jaribio la WorkKeys lililotungwa na shirika la ACT mwanzoni mwa miaka ya 1990. Linapima hesabu za kazini, usomaji wa nyaraka za kazini, na usomaji wa michoro na majedwali. Anayefuzu hupewa cheti cha shaba, fedha, dhahabu au platinamu. Chenye thamani hapo, kuliko cheti chenyewe, ni hatua ya kuichambua kazi: mchambuzi huketi na watu wanaoifanya kazi fulani, wakaainisha shughuli zake, wakakubaliana kila shughuli inadai kusoma na kuhesabu kwa kiwango gani. Aibu ni kwamba madarasa ya elimu ya watu wazima nchini humo hupimwa kwa majaribio mengine, na vigezo vyake vya mwaka 2013 vilichotwa kutoka vigezo vya shule za watoto. Mkimbizi wa Kikongo mwenye Kiswahili safi, aliyepata kazi kwenye kiwanda cha nyama, anapandishwa ngazi darasani kwa kipimo kimoja na kuajiriwa kwa kingine, na haoni wapi vinakutana.

La pili ni mpango wa I-BEST wa jimbo la Washington, ulioanza kujaribiwa mwaka 2004. Walimu wawili wanaingia darasa moja, mmoja wa ufundi na mmoja wa kusoma, lugha na hesabu. Mwanafunzi hangoji mpaka amalize kisomo ndipo aguse kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2009 kwamba waliopitia njia hii walielekea zaidi kupata vyeti vya kazi kuliko wenzao waliofuata madarasa ya kawaida. Gharama yake ni kubwa, kwa kuwa walimu ni wawili. Lakini gharama ya kumfundisha mtu mzima mara mbili, kwanza kusoma kusikomfikisha popote na kisha ufundi anaoufeli kwa sababu ya kusoma, ni kubwa zaidi.

Onyo linatoka Afrika Kusini. Huko wazo la kuunganisha kisomo, mafunzo na ngazi za mishahara lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe, hasa chama cha wafanyakazi wa vyuma, NUMSA, mwishoni mwa enzi ya ubaguzi. Ni asili yenye heshima kubwa. Sheria ya mwaka 1995 ikaleta mfumo mmoja wa sifa, na elimu ya msingi ya watu wazima ikapewa ngazi nne, ya juu kabisa ikilingana na ngazi ya kwanza ya mfumo wa taifa. Kisha kamati zikaanza kuandika vigezo. Vikafika zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa haikuwahi kutumika kumtunuku mtu yeyote. Mwalimu wa jioni kwenye ukumbi wa kanisa hawezi kufundisha kwa maktaba ya vigezo. Tukiiga hamu ya kuandika kila kitu, tutakuwa na makabati yaliyojaa na madarasa matupu.

Ndiyo maana ningeanza na fani chache. Uashi, umeme wa majumbani, upishi, ulinzi na ushonaji zinatosha. Kwa kila fani mtahini wa VETA na mwezeshaji wa kisomo wakae wiki moja kwenye eneo la kazi, wakusanye kila kinachosomwa, kinachoandikwa na kinachohesabiwa: lebo ya kopo la rangi, alama za hatari, oda ya jikoni, joto la friji linaloandikwa asubuhi na jioni, risiti, kitabu cha zamu, mchoro, ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi. Hiyo ndiyo mitaala. Yasiyoonekana kazini yasidaiwe kwenye jaribio la kazi. Fundi bomba asifelishwe kwa insha.

Hapo suala la lugha litajitokeza lenyewe, na ni gumu. Wanaofanya kazi wanaongea Kiswahili, wakati mchoro, lebo ya kemikali na kitabu cha mashine mara nyingi viko kwa Kiingereza, na siku hizi hata Kichina. Hatuwezi kusema kisomo kiwe Kiingereza; hilo lingewafukuza watu tunaotaka waje. Tunaweza kufundisha maneno hamsini au mia ya Kiingereza yanayotokea kwenye fani husika, kama alama za kutambuliwa, ndani ya darasa linaloendeshwa kwa Kiswahili. Na tunaweza kumdai mwingizaji wa kemikali aweke maelezo ya usalama kwa lugha ya anayeishika. Wakati mwingine kinachopaswa kubadilika ni karatasi, na mtu akabaki alivyo.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Watu hawaji kwenye kisomo kwa ajili ya mwajiri pekee. Wengi wa wanaokuja ni wanawake, na wanataka kusoma kadi ya kliniki ya mtoto, Biblia au Kurani, ujumbe wa benki kwenye simu, karatasi ya kura. Darasa likigeuzwa kuwa chumba cha kusubiri mtihani wa ufundi, tutawapoteza hao, na tutakuwa tumeidhulumu elimu yenyewe. Kwa hiyo kigezo cha kazi kiwe tawi la hatua ya juu, analolichagua anayelihitaji. Hatua za chini zibaki za wote, na makusudi yake yabaki mapana kama yalivyokuwa mwaka 1970.

Fedha zipo kwa kiasi. Waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo imeshuka kutoka asilimia 6 ya zamani hadi 3.5 mwaka 2023, na sehemu kubwa yake imekuwa ikienda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Sina ugomvi na mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini tozo inayokatwa kwa jina la ujuzi wa wafanyakazi inapaswa kumfikia pia mfanyakazi asiyeweza kusoma jedwali, na asilimia ndogo tu ya fungu hilo ingelipa mwalimu wa pili katika kila kundi la urasimishaji.

Jambo la mwisho linahusu aibu. Mtu mzima anayeficha kwamba hasomi amejenga maisha yake yote kuzunguka siri hiyo: anaacha miwani nyumbani, anamwomba mwenzake amsomee, anakataa kupandishwa cheo ili asije akapewa daftari. Tukimletea kipimo cha kusoma ndani ya jaribio la ufundi bila kumhakikishia usiri, hatakuja kabisa, na cheti alichokistahili kitampita. Karatasi ya matokeo iwe na sehemu mbili. Ya kwanza, inayoeleza kazi anazozimudu, ndiyo itakayochapwa kwenye cheti na kuonekana na mwajiri. Ya pili, inayoeleza kusoma na kuhesabu katika fani yake, apewe yeye mkononi pamoja na jina la darasa lililo karibu naye na saa linapofunguliwa, na asiwepo mwingine wa kuiona mpaka yeye mwenyewe aamue kuionyesha.